Kumchagulia binti jina: anzeni na mdomo, maana itafuata

Mkishatangaza tu kwamba anayekuja ni wa kike, majina yanaanza kumiminika. Huyu anatuma meseji yenye listi ndefu, yule anasema muiteni bibi yake, shangazi naye kashanuna manake hilo mnalolitaka yeye alishamuwekea binti yake ambaye hata mimba yake haijaingia. Ukikimbilia intaneti ndo unavurugwa kabisa, majina mia tano ya mabinti na maana zake, unasoma mpaka usiku wa manane na mwisho yote yanafanana, kila jina ni malkia au nuru au ua la asubuhi.

Mimi ushauri wangu ni mmoja, msianze na maana, anzeni na matumizi. Jina ni kitu cha kuitwa. Litaitwa kwa kelele kutoka mlangoni, litaitwa darasani, litaandikwa kwenye fomu na mtu mwenye haraka, litatamkwa na bibi asiye na meno na mdogo wake wa miaka miwili ambaye nusu ya herufi hazijui. Likipita huko kote ndo tukae tuzungumze lina maana gani.

Kwanza punguzeni listi, na hii kazi muifanye wawili tu. Chukueni karatasi mbili, baba yake moja mama yake moja, kila mtu aandike majina kama kumi bila kuchungulia ya mwenzake, halafu mbadilishane. Kila mmoja ana ruhusa ya kukata jina la mwenzake bila kuulizwa kwa nini. Nasema bila kuulizwa manake majina yana watu ndani yake, kuna la mwalimu aliyemchapa, kuna la mpenzi wa zamani, kuna la jirani mmbea, na haya mambo ukianza kudai maelezo unafungua kesi ambayo hukuwa na habari nayo. Yakikatwa yamekatwa. Yakibaki matano au manne mpo vizuri, yasipobaki hata moja andikeni mengine, hamna aliyekufa. Kama unalea peke yako tafuta dada au rafiki anayeweza kukwambia ukweli usoni, kazi ya yule mwingine ni kukata tu, sio kuchagua.

Majina yaliyobaki sasa yapelekeni mdomoni. Simama mlangoni uite, kwa sauti ile ya kumuita mtoto anayecheza mbali na giza linaingia. Ita mara ya kwanza kawaida, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu umbembeleze kama ana homa. Utashangaa, kuna majina mazuri sana kwenye karatasi ila ukiyapaza yanakufa katikati, na kuna mengine ya kawaida tu, Asha, Neema, Rukia, ukiita mtaa mzima unasikia. Majina yanayoishia na irabu yana faida hiyo kwa midomo yetu, unaweza kuivuta ile a ya mwisho mpaka mtoto akasikia. Jina kama Ruth au Gladys sio kwamba ni baya, ila jueni kabisa kwamba midomo ya watu italimalizia yenyewe, Ruth atakuwa Ruti au Rusi na Gladys atakuwa Gladisi, kwa hiyo kama hayo matamshi yanawakera basi tafuteni jingine mapema, hamtaweza kusahihisha dunia nzima.

Kifupi nacho kinakuja chenyewe, hamna anayekuombeni ruhusa. Elizabeth atakuwa Eliza, Liza au Beti. Zainabu atakuwa Zena, Veronica Vero, Magdalena ama Magda ama Lena, Consolata Konso. Kwa hiyo kila jina refu mnachagua majina mawili, lile la kwenye cheti na lile atakaloitwa kweli. Mkilipenda lile refu na hiki kifupi mkakichukia, kichukieni sasa hivi kabla mtoto hajaja. Na ukitaka jina lisilokatwa chagua la silabi mbili, Lulu, Pendo, Sara, Hawa, hapo hamna pa kukata, ingawa wapo watu hata Pendo watamfanya Pepe, hao waacheni.

Halafu unganisheni na jina la baba au la ukoo, lile litakalokaa nyuma, mlitamke lote kwa pamoja haraka haraka kama karani anavyoita foleni. Jina la kwanza likiishia na sauti ileile inayoanzia la pili yanagandana, Salima Makame ukisema haraka unasikia Salimakame, Zawadi Dismas inakuwa Zawadismas. Angalieni na herufi za mwanzo. Mariam Bahati Ulimwengu ni jina zuri tu mpaka siku anaandika herufi tatu kwenye daftari na darasa zima linasoma MBU. Watoto wenzake watagundua kabla yenu, hilo msiwe na shaka nalo.

Spelingi, hapa ndo naomba mtulie

Kama kuna sehemu moja ya kuwa mkali ni hapa. Wazazi wanataka jina la kawaida lakini wanataka lionekane la kipekee, kwa hiyo wanaligeuza herufi. Aisha anakuwa Ayshah, Neema anakuwa Nyima sijui na h ngapi, Jesika mnamuwekea y pasipo na sababu. Binti hatakuwa wa kipekee kwa sababu hiyo, atakuwa mtu wa kusema spelingi yake kwenye simu maisha yake yote, hapana sio i ni y, halafu weka h mwisho. Na likikosewa mara moja tu kwenye makaratasi ndo balaa, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha shule kinasema vile, pasipoti ina lake, na sasa mtu mzima anazunguka ofisi kwa ofisi kuapa kwamba Hadija, Khadija na Hatija ni yeye mmoja. Hiyo sio hadithi ya kutisha, ni jambo linalowapata watu kila siku, na chanzo chake ni herufi moja.

Jaribio lake ni rahisi, mpigie simu mtu asiyejua kitu, mwambie jina mara moja, mwambie aandike akutumie. Fanya kwa watu watatu au wanne. Wakiandika wote sawa na unavyotaka wewe, hiyo ndo spelingi, ichukue. Wakiandika kila mtu lake una njia mbili, kubali spelingi waliyoandika wengi au tafuta jina lingine. Majina yenye kh, gh, th na zile herufi za kujirudia ndo huwa yanaangusha watu hapa. Sisemi msiyachukue, Khadija ni Khadija, nasema chagueni namna moja ya kuandika na muifuate kila mahali kuanzia karatasi ya kwanza.

Kuna na suala la urefu. Ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti inayosomwa na mashine, yenye vile vialama vya mshale, sehemu ya majina yote ina nafasi 39 tu pamoja na alama za kutenganisha. Ikizidi inakatwa. Kwa hiyo mtoto mwenye majina matano ya mabibi wote wa pande mbili atasafiri na kipande cha bibi mmoja.

Haya sasa maana

Maana ina nafasi yake, sikatai, wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ila fikirini kidogo. Khadija kwa Kiarabu asili yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, njiti, na hamna anayelisikia hilo jina akafikiria njiti, watu wanamfikiria mke wa Mtume. Claudia linatokana na neno la Kilatini la mtu anayechechemea, Cecilia linatoka kwenye kipofu, na akina Claudia na Cecilia wamejaa duniani wanaishi vizuri tu. Raheli ni kondoo jike. Debora ni nyuki kwa Kiebrania na Melissa ni nyuki kwa Kigiriki. Maana yake ni kwamba wenye majina ndo wanaoyapa uzito, kwa hiyo msikose jina mnalolipenda kisa kamusi imesema kitu cha ajabu.

Ila maana inasaidia sana pale mnapogombana kuhusu lugha. Mmoja anataka la dini yake, mwingine anataka la Kiswahili, babu anataka la kizungu kwa sababu zake anazozijua mwenyewe. Hapo angalieni maana, mara nyingi jina lilelile lipo kila upande. Hawa, Aisha na Zoe yote yanazunguka uhai. Hana, Grace na Neema ni nyumba moja. Lulu na Margareta ni ileile lulu ya baharini, Stella na Najma na Nyota zote ziko angani, Irene ni amani na Sofia ni hekima. Tabitha na Dorkasi yote ni paa, yule mnyama, mmoja kwa Kiaramu mwingine kwa Kigiriki. Mkikubaliana mnataka neema, basi ugomvi uliobaki ni wa sauti tu, na wa sauti tushauona unamalizwa vipi, mlangoni.

Tafadhali zile listi za intaneti msiziamini hivi hivi. Zipo nyingi zinasema Nala ni Kiswahili na maana yake ni zawadi. Sasa wewe unayesoma hapa Kiswahili unakijua, zawadi ni zawadi, na nala ukimwambia mtu akuelewe basi ataelewa kwamba upo mezani unakula. Kama wanatudanganya kwa lugha yetu wenyewe, hebu fikiria wanavyotudanganya kwenye Kihindi au Kiayalandi. Jina la lugha msiyoijua tafuteni mtu anayeizungumza nyumbani kwao, mwambie alisikie, muulize mambo matatu, linamaanisha nini, anaitwa mtoto au bibi kizee, na ni la kike kweli. Hilo la tatu linaangusha watu, Andrea kwa Waingereza ni mwanamke na kwa Waitaliano ni mwanaume, Simone Ufaransa ni mama na Italia ni baba. Hata kwetu Baraka, Amani na Furaha yanaenda pande zote, sio tatizo, mpeni tu jina la katikati lililo wazi ili barua zisiwe zinaanza na Ndugu Bwana.

Kuna majina ya machungu, Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua. Nawafahamu akina Tabu wenye raha zao na sina ugomvi na jina lolote ambalo mtu tayari analo. Ila kwa anayezaliwa leo, mimi naona sio haki. Mama kapitia mateso, baba kakimbia, ndugu wametengana, halafu kichanga ndo kinabebeshwa ushahidi wa kesi ya watu wazima, na kila atakayemuita anaikumbusha upya. Kama ni lazima jambo likumbukwe, ligeuzieni upande wa pili, yaliyotokea baada ya taabu, Faraja, Tumaini, Subira. Mtu akiuliza mtamueleza historia nzima, asipouliza binti anaendelea na maisha yake.

Fasheni, mastaa na majina ya kubuni

Majina yana misimu. Marekani jina Jennifer lilishika namba moja kila mwaka kuanzia 1970 mpaka 1984, ndo maana ukikuta Jennifer wa kule unaweza kukisia umri wake bila kumuona. Olivia alishika usukani huo mwaka 2019. Jina likiwa kwenye kilele utajua bila takwimu, utalisikia mara mbili kliniki kwa siku moja. Sio dhambi kulichukua, ila mtoto atakuwa Olivia A na mwenzake Olivia B kwenye daftari la mahudhurio. Njia nzuri ni kurudi nyuma vizazi viwili, majina ya mabibi yalipumzishwa, yamepoa, na yanasikika mapya kwa sababu hamna mtoto anayeitwa hivyo.

Majina ya mastaa walio hai mimi nashauri msubiri. Staa bado ana muda wa kuharibu, na akiharibu mnabaki na jina. Na wakati mwingine hata hakuna aliyeharibu. Alexa lilikuwa jina zuri tu la wasichana, mwishoni mwa 2014 kampuni ya Amazon ikatoa spika ya nyumbani inayoitikia jina hilo, na ndani ya miaka michache wazazi Marekani wakaanza kulikimbia, nani anataka binti yake awe anaamrishwa awashe taa na kila mwenye utani. Hilo hakuna angeweza kulikwepa. La staa mnaweza.

Kubuni jina kabisa inaruhusiwa na sio mambo ya juzi. Vanessa alilibuni mwandishi Jonathan Swift mwanzoni mwa karne ya 18, alichukua mwanzo wa jina la ukoo la rafiki yake Esther Vanhomrigh, Van, akaliunganisha na kipande cha Esther, na leo hamna anayejua kama lilishonwa. Ndo hivyohivyo wazazi wanavyokata jina la baba na la mama wakaunga. Kanuni ni ile ya juu, anayelisikia mara moja aweze kuliandika. Na mjaribu kulitafuta kwenye simu kabla ya kushangilia, mnaweza kukuta ni dawa ya minyoo.

Ila kubuni kuna mwisho wake. Mwaka 2008 huko New Zealand jaji alimuweka binti wa miaka 9 chini ya uangalizi wa mahakama ili tu abadilishwe jina, wazazi walikuwa wamempa sentensi nzima inayohusu kucheza hula, ile ngoma ya Hawaii, na yeye marafiki zake alikuwa kawaambia wamuite K kwa kuogopa kuchekwa. Ufaransa sheria ililegezwa 1993 ila ofisa akiona jina litamuumiza mtoto anapeleka mbele, kuna wazazi walitaka Nutella, ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate, mahakama ikakataa, mtoto akatoka pale anaitwa Ella. Iceland wenyewe waliunda kamati rasmi ya majina mwaka 1991. Kwa hiyo ulizeni sheria za mlipo kabla hamjatengeneza keki yenye jina juu yake.

Ndugu, jamaa na dada zake

Jina mnalolipenda msilitangaze kabla hajazaliwa. Jina la mtoto ambaye bado yuko tumboni kila mtu anaona ni hoja ya kujadiliwa, jina la mtoto aliyeshikwa mkononi watu wanasema tu karibu fulani. Mkiulizwa semeni bado tunatafuta, basi, na mtu akisisitiza muombeni apendekeze lake, ataridhika. Kwa mama mkwe au baba anayetaka jina lake lirudi, na nyie hamlitaki mbele, jina la katikati liliumbwa kwa kazi hiyo. Mwambieni kwa heshima na mapema, mama, jina lako tumelipa nafasi ya pili, lipo kwenye cheti, na nyumbani wewe muite unavyotaka. Wengi watakubali. Familia zenye utaratibu wa nani anarithi jina la nani hizo zina uamuzi wao tayari, hapo mnachobaki kuchagua ni la pili na spelingi.

Kama ana dada nyumbani, iteni majina yote mawili kwa mfululizo. Rehema na Rahma, Asha na Aisha, Doreen na Noreen, yanapendeza kwenye picha ya familia ila ukiita mmoja wanageuka wote, na daktari akiwa na mafaili mawili yenye tarehe moja na jina karibu sawa, kama ni mapacha, mnajitafutia mkanganyiko wa dawa. Mapacha wapeni herufi za mwanzo tofauti, kufanana sura kunatosha.

Mkibaki na mawili na hamuwezi kuamua, msilazimishe. Nendeni nayo yote hospitali. Akishazaliwa muiteni moja siku nzima na la pili kesho yake, mkiwa mmechoka, mkiwa mnambadilisha nepi, utakuta kuna moja linatoka lenyewe na lingine mnalikumbuka kwa kujilazimisha. Hilo linalotoka lenyewe ndo lenu.

Sasa usajili. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa na ana haki ya kuwa na jina, kwa hiyo msikae na karatasi ya hospitali iliyoandikwa mtoto wa fulani mpaka anaanza kutembea. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, mpeni karani hicho kikaratasi, msimtajie kwa mdomo, kuna kelele pale na yeye ana foleni. Cheti kikitoka kisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado mmesimama dirishani, jina la kwanza, la katikati, la ukoo, jinsia, tarehe, na majina yenu nyie wazazi pia. Kikiwa na kosa kirudisheni palepale. Na ikitokea miezi imepita na jina mnaona kabisa halimkai, kubadilisha inawezekana sehemu nyingi, ila taratibu zinatofautiana na kazi inakuwa nyepesi pale mtoto akiwa bado na karatasi moja tu, kabla ya kliniki, shule, bima na pasipoti havijafuata, kwa hiyo kama mna wasiwasi nendeni mkaulize wiki hii.